Firigisi ya Baba, Kiazi cha Bibi

Nyumbani kwetu kuku alichinjwa mara chache, na kila alipochinjwa mgawo wake ulijulikana kabla maji ya kumnyonyolea hayajachemka. Firigisi ya baba. Mapaja ya wageni. Wasipokuwapo wageni, ya baba tena. Mabawa, shingo na miguu vilitushukia watoto kwa kufuata umri. Mama, ambaye ndiye aliyemfuga kuku huyo, akamkimbiza uani, akamnyonyoa na kumpika, alikuja mwisho kabisa akisema yeye hupenda mchuzi. Nilikuwa mtu mzima nilipoanza kuyatilia shaka mapenzi hayo ya mchuzi.

Firigisi ile ilinirudia akilini niliposoma habari za epeme. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wakiua mnyama mkubwa, pofu au twiga kwa mfano, nyama yake haiwi yote ya aina moja. Iliyo nyingi ni ya kambi nzima. Lakini vipande fulani, moyo na figo vikiwamo, hutengwa na kuitwa epeme, navyo ni vya wanaume waliokwisha kukubaliwa kuwa watu wazima. Wanavila faraghani. Mwanamke haruhusiwi kuonja wala kuchungulia, kijana ambaye hajaingizwa vilevile, na zamani adhabu ya kuvunja mwiko huo haikuwa ya mzaha. Firigisi ya kwetu walau ililiwa mbele ya macho yetu, ingawa sina hakika kama hiyo ilikuwa nafuu.

Wahadzabe ni watu elfu moja na ushei, wametawanyika katika wilaya za Karatu, Mbulu, Mkalama na maeneo ya jirani, na kati yao mia kadhaa tu ndio ambao sehemu kubwa ya chakula chao bado inatoka porini. Kwa asili yao hawalimi wala hawafugi. Lugha yao ina vidoko, na wataalamu hawajaipatia ndugu wa hakika, hata Kisandawe cha jirani ambacho nacho kina vidoko vyake. Kwa zaidi ya miaka 60 wamekuwa wakitembelewa na watafiti wenye mizani, saa na madaftari, wanaopima kila kinachoingia kambini kabla hakijaingia mdomoni. Uvumilivu wa wenyeji katika jambo hili unastahili utafiti wake peke yake. Kilichowaleta wageni hao ni swali ambalo kila nyumba ina jibu lake, na kila jibu lina wa kulibishia: nani anamlisha nani?

Jibu la zamani lilikuwa jepesi. Mwaka 1966 wanaanthropolojia walikutana Chicago kuzungumzia jamii za wawindaji na wakusanyaji, na mkutano ukapewa jina ambalo kwa Kiingereza laweza kusomwa "Binadamu Mwindaji" au "Mwanamume Mwindaji", kwa kuwa lugha ile iliridhika na neno moja kwa wote wawili. Kiswahili hakikupewa ujanja huo. Mfasiri analazimika kuchagua, na akishachagua tu, ugomvi umeanza. Wako waliodai wakati ule kwamba uwindaji ndio uliomfanya binadamu kuwa binadamu: akili, ushirikiano, zana, hata familia, vyote vilitoka kwa mwanamume aliyerudi jioni na paja begani, mkewe akimngoja na watoto wenye njaa.

Cha kuchekesha ni kwamba hesabu zilizoitia ufa hadithi hiyo zilitoka katika mkutano uleule. Richard Lee, aliyekuwa amekaa na watu wa Kalahari waliojulikana wakati huo kama !Kung, alieleza kwamba kwa uzito wanawake walileta chakula mara mbili hadi tatu ya kile cha wanaume. James Woodburn, Mwingereza aliyeanza kukaa na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, alikadiria kwamba asilimia 80 ya uzito wa chakula chao ilitokana na mimea, nyama na asali zikigawana asilimia 20 iliyobaki. Kitabu cha mkutano kilitoka 1968, hesabu zote hizo zikiwa ndani na jina lilelile likiwa juu ya jalada.

Haki itendeke, uzito si shibe. Kilo ya mizizi iliyojaa nyuzi na maji hailingani na kilo ya pofu mwenye mafuta, na asali ndiyo kabisa haina mpinzani. Anayepima chakula kwa mizani peke yake atatuambia tikiti maji ni bora kuliko korosho. Lakini tuanze na hiyo mizizi, kwa kuwa ndiyo ambayo haipigwi picha.

Jua likishapanda kidogo wanawake hutoka kambini kwa kundi, wakubwa kwa wadogo, wachanga wakiwa mgongoni, na mara nyingi kuna kijana wa kiume mwenye upinde anayewasindikiza. Zana ni muo. Neno hilo limeanza kusahaulika mijini kwa sababu tuna majembe, na zaidi kwa sababu hatuchimbi: ni mti wa urefu wa mita moja hivi, umechongwa ncha na ncha ikakazwa kwa moto. Kiazi kinachotafutwa zaidi wanakiita ekwa, neno linaloanza kwa kidoko ambacho alfabeti yetu haina herufi yake. Mmea wake hujiviringisha vichakani bila madaha yoyote. Mwanamke akiuona hugonga ardhi kwa muo au kwa jiwe akitega sikio. Mlio na mtetemo humwambia kama chini kuna kitu na kama kitu chenyewe kinalipa jasho lake. Kisha hukaa, miguu ameinyoosha, na kuanza kuchokonoa. Muo unalegeza udongo, kiganja kinauchota, jiwe linang'olewa, na chini ya jiwe kuna jiwe jingine. Waswahili husema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Huyu kuinama alishakupita zamani. Amekaa, na mkono umezama shimoni hadi begani.

Vikipatikana vya kutosha moto huwashwa palepale. Viazi huchomwa dakika chache tu, huambuliwa ganda, hutafunwa, na makapi hutemwa kama ya muwa. Vilivyobaki hufungwa kwenye kanga na kupelekwa kambini. Kwa hiyo mlo mzima wa kwanza umeshaliwa kabla mtafiti aliyebaki kambini na mizani yake hajaona kitu. Watoto nao si wa kukaa wakisubiri. Wa miaka mitano au sita anaokota matunda ya vichakani na kupasua mabuyu. Unga na mbegu za ubuyu hupondwa kwa jiwe na kuchanganywa na maji. Mjini ubuyu ni kitafunwa chekundu cha Zanzibar kinachopaka ulimi rangi, na siku hizi neno hilo limekuwa jina la umbeya. Kule ni chakula cha mtoto.

Mwanamume hutoka peke yake. Ana upinde, mishale, pengine na shoka, na anakwenda mbali: waliowafungia Wahadzabe vipimo vya mwendo walikuta wanaume wakitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Anatafuta nyama lakini masikio yake yako juu, maana ndege mlembe akimwita kwa kelele zake, nyama itangoja. Ndege huyo huongoza mtu hadi kwenye mzinga wa nyuki, na mara nyingi mzinga uko juu ya mbuyu ambao shina lake halikumbatiki. Mwanamume huchonga vigingi, hupigilia kimoja shinani, husimama juu yake, hupigilia cha pili juu zaidi, na huendelea hivyo huku ardhi ikipungua ukubwa chini yake. Akifika hupuliza moshi ndani ya tundu, huingiza mkono, na nyuki hufanya wajibu wao. Mwenye kusema kwamba mwanamume wa Kihadza ni mtu wa kukaa kivulini na apande kwanza.

Kivuli, hata hivyo, kipo. Woodburn alieleza mchezo wa kamari unaoitwa lukucuko, wa kurusha vipande vya magome ya mti, ambao wanaume walikuwa wakiucheza kutwa nzima katika kambi za kiangazi, mishale na vitu vingine vikihama mikono. Pia mwanamume ambaye mkewe yuko hedhini hatarajiwi kwenda kuwinda mnyama mkubwa, kwa kuwa sumu ya mishale yake inasemekana hulegea. Sijapata kusikia udhuru wa kazini uliopangwa vizuri kuliko huo.

Halafu kuna hesabu. Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe wakihesabu siku za kuwinda na wanyama waliouawa. Walikuta kwamba kwa wastani mwindaji mmoja alipata mnyama mkubwa karibu mara moja kila siku 30. Siku 29 nyingine alirudi bila mnyama mkubwa, na mara nyingi bila hata mdogo. Ni kama mshahara wa mwezi, ila huu hauna tarehe. Familia inayongoja paja hilo ili ipike jioni ya leo ingekuwa imekufa zamani. Inaishi kwa sababu kuna kiazi, kuna ubuyu, kuna matunda, na kuna mtu aliyekwenda kuvileta leo na atakayekwenda kesho.

Mpaka hapo ni suala la kutafuta. Kugawana ndiko kunakonivutia zaidi, na ndiko kunakoeleweka vibaya.

Mnyama mkubwa akianguka, mwindaji hana kauli kubwa juu ya nyama. Habari hufika kambini, watu humiminika, wengine kutoka kambi za jirani, na kila mmoja anaondoka na fungu. Hakuna anayeomba kwa unyenyekevu na hakuna anayeshukuru. Woodburn alisisitiza kwamba huko si kubadilishana zawadi: aliyekula leo hawi na deni la kesho, na asiyewinda kamwe halali njaa kwa sababu hiyo. Kwa macho yangu jambo hili halifanani na ukarimu. Linafanana na kodi. Mwenye nacho anatozwa mbele ya watu wote, na akikataa ndiye atakayeonekana mwehu.

Kiazi kina mwenyewe. Aliyekichimba hukipeleka kwenye moto wake, akawapa watoto, mama yake, dada yake, na jirani aliyekuja akakaa karibu bila kusema kitu, ile njia ya kuomba ambayo kila Mswahili anaifahamu. Nacho hugawanwa, lakini mkono wake haufiki mbali kama wa nyama. Kwa ufupi, nyama ni ya kambi, mzizi ni wa nyumba. Na kinachotoka mara moja kwa mwezi mbele ya watu wote humpa mtu jina, kinachotoka kila siku hakimpi chochote. Hakuna anayesimulia jioni jinsi fulani alivyochimba kiazi.

Mtu wa hesabu anapata tabu hapa. Kama nyama hugawanwa kambi nzima, watoto wa mwindaji hodari wanapata karibu sawa na watoto wa jirani mvivu. Sasa huyu anajisumbua kwa nini? Angetaka kulisha watoto wake angetega wanyama wadogo na kuchuma matunda, vitu vinavyopatikana kila siku na visivyovuta umati. Mwaka 1991 Hawkes alitoa jibu lililowaudhi wengi: anajionyesha. Anawinda twiga kwa sababu twiga huleta jina, na jina huleta marafiki, heshima na macho ya wanawake. Kila mtaa una mtu wa namna hiyo. Harusi ya jirani anachangia ng'ombe, na kwake wanadaiwa unga dukani.

Frank Marlowe, aliyeishi na Wahadzabe kwa vipindi vingi tangu miaka ya 1990 na kuandika juu yao kitabu kizima kilichotoka 2010, hakukubali. Aliona kwamba mwanamume ambaye mkewe ana mtoto mchanga, na kwa hiyo hawezi kuchimba sana, huleta chakula kingi zaidi nyumbani. Aliona pia asali ikifichwa. Mwanamume anarudi kambini mikono mitupu, uso umekunjamana kama wa mtu aliyekosa, na ndani ya nguo zake kuna sega linalokwenda moja kwa moja kwa mkewe na watoto. Kwa Wahadzabe asali ndiyo iliyo juu ya vyakula vyote, na mchovya asali hachovyi mara moja; umati ukiiona, mwisho wake umefika. Basi mwanamume huyohuyo ambaye kwa twiga ni mkarimu wa kijiji kizima, kwa asali ni baba wa nyumba yake.

Nadhani sega hilo linatuambia jambo ambalo pande zote mbili za mabishano zimelipita haraka. Tunasema wanaume hugawa kwa upana na wanawake kwa ufinyu, kana kwamba ni tabia ya jinsia. Lakini tazama kitu chenyewe. Twiga hafichiki. Anaoza kesho, harufu yake inavuta fisi na mashemeji, na mwindaji mmoja na mkewe hawammalizi. Kiazi kinafichika, asali inafichika, digidigi aliyepigwa karibu na kambi naye anaweza kuchomwa na watu wachache. Hata mwanamume hagawi wanyama wadogo kwa upana uleule wa mnyama mkubwa. Na yako mambo ambayo mizani ya kambini haiyaoni: wanaume hula sehemu kubwa ya chakula chao hukohuko porini, asali mdomoni, ndege kwenye moto wa haraka. Mwanamke naye huko shimoni hula. Tofauti ni kwamba mwanamke porini hula akiwa amezungukwa na watoto.

Na hapa anaingia mtu ambaye nadharia za Chicago hazikumwona, pengine kwa sababu alikuwa amekaa chini, mkono shimoni. Bibi. Mwaka 1989 Hawkes na wenzake walichapisha makala juu ya mabibi wa Kihadza na uchapakazi wao. Walikuta kwamba wanawake waliokoma hedhi zamani, wa miaka 60 na zaidi, walitumia saa nyingi zaidi kutafuta chakula kuliko wasichana ambao bado hawajaolewa, na kuliko mama wenye watoto wadogo. Kisha wakapima watoto. Mama asipokuwa na mchanga, mtoto aliyeachishwa ziwa aliongezeka uzito kwa kadiri ya bidii ya mama. Mama akishajifungua mwingine, uzito wa yule mkubwa ulianza kufuata bidii ya bibi.

Kutoka kwenye shimo hilo la kiazi ikachipuka nadharia nzima: kwamba mwanamke huishi miaka mingi baada ya kukoma uzazi, jambo ambalo wanyama wengi hawalijui, kwa sababu zamani za kale bibi mwenye nguvu aliwawezesha binti zake kuzaa haraka bila watoto kufa njaa. Wako wanaoipinga, na mabishano hayajaisha. Lakini angalia ni chakula gani kinachoifanya iwezekane. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kujichumia matunda. Hawezi kuchimba ekwa. Ardhi ni ngumu na mikono yake midogo. Chakula kigumu cha kiangazi, kisichopendwa na mtu, ndicho kinachomfanya bibi awe wa lazima.

Bibi huyo kwa upande mwingine ni mama mkwe, na kwa Wahadzabe mama mkwe si mtu wa kutembelewa sikukuu mbili kwa mwaka ukiwa umevaa kanzu safi. Woodburn aligundua kwamba watu waliooana walielekea zaidi kuishi kambi moja na mama wa mke kuliko na mama wa mume. Kwa hiyo mwindaji anayejionyesha, kama kweli anajionyesha, anajionyesha chini ya jicho la mkwewe. Nyama ya kambi inapita mbele ya mama huyo. Mume anayekawia porini na kurudi mikono mitupu mara nyingi mno huweza kukuta mke amehamia moto mwingine. Kuachana kwao hakuhitaji kadhi wala mahakama.

Watu wa Kalahari wana njia yao ya kumkata mwindaji makali. Lee alisimulia jinsi alivyonunua ng'ombe mnono kwa ajili ya Krismasi, akitaraji shukrani, na kambi nzima ikamwambia amewaletea gofu la mifupa. Alikuja kuelewa baadaye kwamba kila nyama kubwa huzomewa, ili aliyeileta asije akajiona chifu. Zaidi ya hapo, mwenye kugawa nyama huko si aliyelenga shabaha. Ni mwenye mshale, na mishale huazimwa, hata kutoka kwa mwanamke au mzee asiyewinda tena. Sheria ya namna hiyo ingewafaa wanasiasa wa ukanda wetu wanaofungua visima.

Isidhaniwe kwamba kila mahali ni Eyasi. Kwa Waache wa Paraguay, wakiwa kwenye safari zao za msituni, wanaume ndio walioleta nguvu kubwa ya chakula, na mwindaji mara nyingi hakula hata alichoua mwenyewe. Kwenye barafu ya Aktiki kulikuwa na mimea michache mno ya kukusanya. Nyama na samaki ndivyo vilivyokuwa chakula, lakini mwanamume asiyeshonewa nguo za ngozi na mwanamke hakufika hata kwenye tundu la sili. Katika msitu wa Ituri nchini Kongo, ambako Kiswahili cha Kingwana ndicho cha sokoni, Wambuti huwinda kwa nyavu: wanaume wanasimama kwenye nyavu, wanawake na watoto wanapiga kelele vichakani wakisukuma wanyama. Ukiuliza nani amewinda, swali lenyewe linaonekana la kigeni. Na kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, wanawake wa Kiagta walikutwa wakiwinda nguruwe mwitu na paa kwa pinde na mbwa, wakiwa na watoto nyumbani, jambo ambalo vitabu vilikuwa vimesema haliwezekani.

Mwaka 2020 watafiti walitangaza kaburi la miaka 9,000 hivi katika milima ya Peru, mahali paitwapo Wilamaya Patjxa, ambamo msichana alikuwa amezikwa na zana za kuwindia. Magazeti yakafurahi, na miaka mitatu baadaye ikatoka makala nyingine iliyosema wanawake huwinda karibu kila mahali, nayo ikajibiwa na wataalamu waliosema hesabu zake zilikusanywa kwa pupa. Sina haraka ya kuingia kwenye ugomvi huo. Ila naona jambo moja la ajabu ndani yake: ili mwanamke wa kale apewe heshima, ilibidi kwanza akutwe na mishale. Angezikwa na muo, usingefika hata ukurasa wa ndani. Na muo ni mti, huoza. Jiwe la mshale hukaa miaka 9,000 likingoja mwandishi wa habari.

Nirudi kwenye epeme. Wasomi huwaita Wahadzabe jamii ya usawa, na kwa sehemu kubwa wako sahihi. Hawana chifu, hawana tajiri, mtu asiyetaka kuambiwa huhama. Epeme kwenye nguo hiyo ya usawa ni kiraka cha rangi nyingine. Usiku usio na mbalamwezi, moto ukiwa umezimwa, wanaume hucheza mmoja baada ya mwingine gizani, njuga mguuni, na wanawake huwaimbia. Ni ibada inayowaunganisha, na inabeba jina lilelile la nyama ambayo wanawake hawaruhusiwi kuiona. Nimesema twiga hafichiki. Moyo wa twiga unafichika. Mimi naona kwamba wanaume ambao nyama yao yote hutozwa na kambi walibakiza kipande kimoja, na kwa kuwa hawakuweza kukificha ndani ya nguo kama asali, wamekificha ndani ya mwiko.

Siku hizi Eyasi si ile ya Woodburn. Mang'ola, karibu na ziwa, kunajulikana kwa vitunguu, na maji yaliyokuwa ya wanyama humwagilia mashamba. Mifugo ya Wadatoga inakula majani ambayo swala wangeyala, wanyama wamepungua, na mahindi yameingia katika vyungu vingi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hatimiliki ya kimila ya sehemu ya ardhi yao, jambo ambalo lilikuja kwa kuchelewa lakini lilikuja. Watalii huamshwa alfajiri ili wakimbie nyuma ya wanaume wenye pinde. Kuchimba viazi, kama muda unaruhusu, ni baada ya chai. Mnyama akipungua, twiga wa kambi anapungua, na ile kodi ya nyama iliyokuwa ikisawazisha watu inakosa cha kutoza. Mahali pake panaingia fedha, na fedha hufichika kuliko asali.

Viazi bado vinachimbwa. Mwaka 2009 Colette Berbesque na Marlowe walichapisha matokeo ya kuwauliza Wahadzabe wanapenda chakula gani zaidi. Wote walitaja asali kwanza. Wanaume waliipenda nyama kuliko wanawake walivyoipenda, wanawake wakayapenda matunda kuliko wanaume. Viazi vilikuwa vya mwisho kwa wote, hata kwa wanaovichimba. Niliposoma hapo nilimkumbuka mama na mchuzi wake.

Mwaka juzi, baba akiwa ameshatutoka, tulichinja kuku nyumbani na nikamwekea mama firigisi kwenye sahani yake, nzima, kabla ya mtu yeyote kupakuliwa. Aliitazama muda. Akaikata vipande viwili, kimoja akampa mjukuu aliyekuwa ameegemea goti lake, kingine akatia mdomoni na kukitafuna kwa muda mrefu. Akasema kumbe ni ngumu hivi. Kisha akaomba aongezewe mchuzi.